Kauboi ya zamani na remake yake: tofauti nilizozijua siku nilipomsimulia shemeji yangu asiyeona

Wakuu, salamu kutoka Makambako, ambako leo upepo umeanza kugonga mabati kabla sijamaliza chai. Wadogo zangu marahaba, mnaonizidi umri shikamooni, ingawa humu sidhani kama mko wengi.

Juzi kulikuwa na uzi humu watu wanabishana kuhusu filamu za kauboi, zile za zamani na hizi remake. Kijana mmoja akaandika kwamba sisi wazee tunazisifia za zamani kwa sababu zinatukumbusha ujana, hakuna lingine.

Nilimwandikia jibu la hasira. Nikalifuta. Nimeona bora nieleze lililonitokea mwenyewe, maana linamjibu yeye na linanijibu na mimi. Siongezi chumvi. Pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Nina shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Hapa tumwite Zakaria. Ujana wetu tuliumalizia Makambako, yeye dereva wa gari la misheni, mimi napima mbao kwenye kiwanda. Jioni tulikutana banda la video karibu na stesheni. Mabenchi ya mabanzi, gunia mlangoni la kuzuia baridi, na jenereta nje ambayo ikianza kukohoa banda zima linashika kichwa.

Kulikuwa na kauboi moja tuliipenda kuliko zote. Lebo ya kanda ilikuwa imefutika, kwa hiyo jina lake la kweli hatukulijua. Sisi tuliiita Mguu Mbovu.

Steling, yaani yule shujaa mwenyewe wa filamu, anaingia mjini akimwongoza farasi wake anayechechemea. Filamu nzima hampandi, anatembea naye tu. Watu wanamcheka. Mwisho anakutana na adui kisimani, wanatazamana muda mrefu mpaka unasikia kamba ya ndoo inavyosaga mti. Hakuna muziki. Halafu risasi moja.

Adui ana farasi mweupe mzuri sana. Steling hata hamgusi. Anaondoka na yule yule kilema wake, kwa miguu.

Watu wote walikuwa wanakodolea sura. Zakaria yeye alikuwa na kauli yake: "Angalieni mkono. Uso unadanganya." Na kila mara alijua nani atatoa bastola kwanza. Watu walimlaumu kwamba anawaharibia utamu, lakini benchi lake ndilo lililowahi kujaa.

Sasa njooni miaka hii. Zakaria alipata presha ya macho. Alichelewa kwenda hospitali, macho yote mawili yakazima. Akahamia Njombe mjini kwa binti yake, Faraja.

Nilikwenda mara moja kumpa pole. Nilikaa pale sebuleni nikakosa la kusema. Huyu ni mtu ambaye maisha yetu yote tulikuwa tunakaa ubavu kwa ubavu tunatazama kitu. Sikujua namna ya kukaa naye bila kitu cha kutazama.

Niliporudi nikaanza kutafuta sababu. Mara nina viazi vya kuvuna, mara mguu unauma. Ni kweli goti langu ni bovu, lakini kutoka hapa kwenda Njombe si safari ya kumshinda mtu, na magari yapo kutwa. Mke wangu alikuwa anakwenda peke yake, akirudi ananiambia, "Kaka anakuulizia." Nami nasema nitakwenda. Mwaka ukapita, na mwingine ukaingia.

Siku moja alirudi akanikuta natazama kauboi kwenye TV. Hakukaa hata kidogo.

Alisema, "Kaka yangu hatoki tena nje ya geti. Kanisani haendi, dukani haendi. Ukimshika mkono umwongoze anauchomoa. Faraja anaogopa baba yake ataozea kwenye kile kiti. Na wewe uko hapa na farasi wako."

Nikatafuta rimoti nizime. Kibaya zaidi, filamu iliyokuwa ikiendelea nyuma yake ilikuwa Mguu Mbovu. Jamaa mmoja anayeingiza muvi kwenye flash pale stendi alikuwa amenitafutia kwa hadithi niliyomweleza mpaka akaipata.

Jumamosi iliyofuata niliweka flash mfukoni nikaenda Njombe.

Zakaria alikuwa amekaa karibu na jiko la mkaa, koti mpaka shingoni. Nikamsalimia kwa kilugha, "Kamwene, shemeji."

"Kamwene. Nani huyo? Sauti kama ya marehemu mmoja hivi."

"Ni mimi."

"Ndicho nilichosema."

Faraja alicheka mpaka akaingia jikoni. Mimi nilistahili. Nikamwambia nimemletea Mguu Mbovu. Akauliza, "Nitaitazama kwa kitu gani?"

"Kwa mdomo wangu," nikasema. Sijui hata nilikolipata jibu hilo.

Wakuu, hapa ndipo niligundua kwamba filamu niliyoitazama maisha yangu yote sikuwa naijua.

Nikisema, "Ameingia baa," Zakaria anauliza mlango kausukuma kwa mkono gani. Nikisema wanatazamana, anauliza jua liko mgongoni kwa nani. Ilibidi nitazame kweli. Nikaona kwamba steling, kila anaposimama, anajiweka upande ule wa mguu mbovu wa farasi, kama mtu anayemkinga mgonjwa. Sikuwahi kuliona hilo. Nilipolisema, Zakaria aliinama mbele na kuuliza, "Hata pale kisimani?"

Hata pale kisimani.

Filamu za zamani zinakupa nafasi. Mtu anawasha kiko, upepo unapita, mbwa anavuka barabara. Vijana mnaona ni uvivu. Mimi niliyekuwa nasimulia niliona ni heshima, kwamba aliyeitengeneza alijua mtu anahitaji muda wa kuona.

Kufika kisimani, Zakaria akaniuliza kama zamani, "Mkono uko wapi?" Nikamwambia uko kwenye hatamu ya farasi, haujasogea. Akasema, "Bado." Nikasema sasa umeshuka. Akasema, "Sasa." Na risasi ikalia.

Siku hiyo alikula ugali wake wote. Nikawa nakwenda kila Jumamosi, nasimulia, tunabishana, narudi Makambako sauti imekauka. Nilijisikia mtu mwenye kazi. Hilo kumbukeni, maana ndilo lililoniponza.

Faraja alivyoona baba yake amechangamka, akanunua sabufa yenye spika za kuzunguka chumba. Akatafuta na remake ya Mguu Mbovu, maana kumbe ipo, ya juzi juzi tu. Alikuwa anataka kutufurahisha wote wawili.

Wakuu, remake ile inakimbia. Nikisema, "Amefungua mlango," watu watatu wameshakufa. Nikisema nani amekufa, tumeshafika mji mwingine. Farasi kilema anauawa mwanzoni kabisa na muziki wa kulia, halafu filamu nzima steling anatafuta waliomuua. Na hawasemi, wananong'ona. Kiingereza changu cha form four hakikushika kitu.

Lakini Zakaria alikuwa anatabasamu. Farasi wakipita spika ya nyuma anageuza kichwa. Mvua ikianza anavuta koti. Kiingereza chake ni cha masikio, alikipata kwa wale mapadri wazungu aliokuwa akiwaendesha, na manong'ono yale alikuwa anayapata. Mimi nikaongeza sauti kuishinda sabufa.

Akanigusa goti. "Shemeji, nyamaza kidogo nisikie."

Alisema kwa upole kabisa. Mimi nikanuna. Mzee mzima, mwenye wajukuu. Niliona sasa imekuja mashine ya kuniondoa kazini.

Ikafika mwisho. Kisima kile kile, steling na adui. Muziki ukakatika, kikabaki kimya, sehemu pekee ya filamu nzima yenye kimya. Adui amekaa chini, hana silaha. Steling amemwelekezea bastola, na mkono wake unatetemeka. Camera inaukaribia ule mkono mpaka unajaa skrini. Halafu anaishusha bastola, anaiweka ndani ya ndoo ya kisima na kuiachia kamba. Kamba inasaga mti, sauti ile ile ya zamani. Kisha maji yanalia.

Lazima niseme ukweli, wakuu. Ilinigusa. Aliyetengeneza remake alikuwa ameipenda Mguu Mbovu kama sisi.

Zakaria akauliza, "Kitu kimetumbukia. Mkono uko wapi?"

Nikajibu, "Hakuna kitu. Ni ndoo tu."

Nilijua ninachofanya. Nilitaka aione ile filamu haina maana, ili Jumamosi ijayo turudi kwenye ile ya kwangu.

Faraja alikuwa mlangoni na sahani. Akasema taratibu, "Anko, mbona si ndoo tu? Ameweka bastola ndani. Na mkono ulikuwa unatetemeka."

Zakaria hakugeuka. Mimi nilitazama jiko. Sijawahi kuona aibu kama ile, na aibu yenyewe mwenzangu hawezi hata kuiona usoni mwangu.

Akasema, "Shemeji, nimekosa macho, sijakosa akili. Ukinificha mkono, mimi sina filamu."

Nikamwambia, "Nimekosa. Uliponiambia ninyamaze nilikasirika. Niliona hunihitaji tena."

"Kwa hiyo umenuna kama bibi harusi aliyenyimwa soda."

"Ndiyo."

"Na ule mwaka wote hukuja, ulikuwa umenuna nini?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kujibu tangu siku ya kwanza. Nikamwambia sikuwa nimenuna. Niliogopa. Sikujua tutakaaje bila kitu cha kutazama.

Alinyoosha mikono kwenye joto la jiko. Kisha akasema, "Rudisha nyuma. Nataka ule mkono."

Nikarudisha. Nikamweleza mtetemo kidole kwa kidole. Yeye akanitafsiria yale ambayo adui alikuwa ananong'ona, kwamba hata ukinipiga, farasi wako hafufuki. Kumbe bila masikio yake mimi nilikuwa nimetazama nusu filamu.

Tukairudia yote toka mwanzo, yeye masikio, mimi macho. Na hapo nikaona remake ilivyoizidi ile ya zamani. Katika ile yetu mama mwenye nyumba ya wageni kazi yake ni kuosha vikombe na kulia. Katika mpya ana mdomo na ana mpango. Wale wenyeji wa ile nchi, ambao katika ile yetu walikuwa wanaanguka kama mahindi na sisi tunashangilia, katika mpya wana majina na wanaongea lugha yao. Zakaria alisema, "Tulishangilia vibaya, shemeji." Ni kweli, tulishangilia vibaya.

Lakini farasi hawakutakiwa kumuua. Hilo tumekubaliana wote wawili na hatutabadili. Kumlipizia farasi aliyekufa ni rahisi kuliko kutembea na aliye hai.

Jumamosi iliyopita nilifika nikamkuta Zakaria amesimama sebuleni. Amevaa koti na ile kofia yake ya pama ya zamani. Faraja alinitazama tu.

"Twende mpaka buchani," Zakaria akasema. "Unisimulie hiyo barabara. Lakini ya zamani, siyo remake. Usinikimbize."

Akanishika begani, mwenyewe. Tukatoka getini. Nikawa naeleza. Bodaboda wawili kushoto, mmoja amelala juu ya tenki. Mama wa parachichi anapanga ndoo. Ukungu umebaki kule juu kwenye miti. Muuza nyama yuko mlangoni anatutazama.

"Mkono uko wapi?"

"Una kisu."

"Na wa pili?"

"Anakupungia."

Zakaria akainua pama kidogo, kama steling. Nyuma nikasikia geti. Faraja alikuwa ametufuata mpaka hapo tu, anatutazama, analia na kucheka.

Tulipokaribia bucha shemeji akauliza, "Hivi hapa kati yetu, nani steling na nani farasi?"

Nikasema, "Wewe ndiye unayeongozwa."

"Lakini nasikia mguu unaburuzwa, na si wangu."

Nilisimama nicheke. Goti langu lile lile la visingizio. Akanigonga begani tuendelee, na akahama akaja upande wa goti bovu.

Kwa hiyo kijana uliyesema tunapenda za zamani kwa ajili ya ujana, sehemu fulani umesema kweli. Ila mimi nimejifunza hivi: usihukumu original wala remake mpaka umeisimulia kwa mtu anayekutegemea uone kwa niaba yake. Hapo utajua filamu ina nini, na wewe mwenyewe una nini. Na kama kuna mtu umekwepa kumtembelea kwa kukosa la kusema, nenda hivyo hivyo bila la kusema.

Watakaouliza link, sina, kamuoneni mtu wa flash wa stendi yenu.

Ninachoomba kwenu ni kimoja. Nitajieni kauboi zenye kimya kirefu, za zamani au mpya, ambamo mtu anapata nafasi ya kusimulia mkono. Na mliokaa mabanda ya video ya Makambako, Mafinga au Songea, semeni mlikuwa mnaziitaje. Jumamosi nitamsomea Zakaria majibu yenu yote, hata ya matusi. Hayo atayafurahia zaidi.