Kompaila Mbili na Mkaguzi wa Mlangoni

Baba yangu alizaliwa Butiama, kwa wafugaji. Mama yangu alizaliwa Kisorya, kwa watu wa ziwa. Majina yao unayajua, mjukuu wangu, usiyaandike. Mimi sikusoma. Basi andika nisemavyo, wala usinipambe.

Ulipokuja kukaa nami hapa Nyakato na kompyuta yako, nilikutaka unieleze kazi inayokukondesha. Ulinieleza kwa subira. Kompyuta ina kiini kinachotawala mengine yote. Programu ndogo huruhusiwa kuingia humo, lakini mlangoni yupo mkaguzi: asiporidhika kwamba haitadhuru, huirudisha. Watu huiandika programu, kisha kompaila huigeuza iwe amri ambazo kiini kinazielewa. Na kompaila zilikuwa mbili, za makundi mawili yanayoshindana. Programu ileile ikipitia ya kwanza, mkaguzi aliipokea; ikipitia ya pili, aliikataa. Wewe ulipewa kazi ya kuwafanya waafikiane, na kundi la pili lilikwisha kusema litajitoa.

Siku ya kikao chenu cha kwenye kompyuta nilikuwa jikoni nikikaanga sato, nikasikia sauti zikipanda. Baadaye ulinitafsiria. Mwanamume wa kundi la kwanza alisema, "Rekebisheni yenu." Mwanamke wa kundi la pili akajibu, "Sheria za mkaguzi mlizitunga wenyewe, hamkuziandika popote. Tutazifuataje?" Nikachungulia, nikauona mgongo wako umeinama.

Kwetu, watu wakigombana nyumbani mwako, unawapelekea maji ya kunawa, maana aliyenawa haondoki kabla ya kula. Nikachukua jagi na beseni, nikaviweka mbele ya kompyuta.

"Bibi! Hawa wako ng'ambo!"

"Najua. Kwani ng'ambo hawanawagi?"

"Jamani Bibi, tuko kwenye kikao."

"Nami niko kwangu. Waambie."

Ukawaambia kwa aibu. Mwanamume akacheka, akainua viganja vyake. Mwanamke hakucheka, aliuliza ni chakula gani. Uliposema samaki, akajibu, "Mwambie Bibi nitakaa, ila asiwe na miiba."

"Mwambie asiye na miiba si samaki."

Sikuwapatanisha mimi. Walibishana tena, wiki baada ya wiki, lakini hakujitoa mtu. Mwishowe wakakubali kuziandika sheria, na kila programu ya majaribio ipitishwe kwenye kompaila zote mbili kabla ya badiliko lolote kupokelewa. Asubuhi mkaguzi alipoipokea programu ile aliyokuwa akiikataa, uliniwekea kichwa mapajani, mtu mzima wewe, nami nikakuacha, ingawa nilikuwa na unga mikononi.

Sasa sikia la kutunza. Maneno yao makali uliyoyaandika kikaoni usiyafute kwa kuwa wamepatana. Yaache yakae karibu na makubaliano, ili atakayerithi kazi yako ajue kwamba sheria hizo ziliandikwa na watu waliokuwa tayari kuondoka, wakabaki. Na sheria zenyewe zitunze mahali ambapo makundi yote mawili yatazifikia bila kukuomba ruhusa. Wewe nawe utachoka siku moja, mjukuu wangu, na sitaki wakuamshe.