Machozi ya Maman kwenye Klipu

Kwetu, mtaa wa Kadutu, mtu akiambiwa atapigwa picha, anaoga. Sijui wale watu wa kamera walidhani tungefanya nini kingine. Ijumaa niliwaambia majirani kwamba mwimbaji mzungu anakuja kurekodi klipu ya wimbo wake mtaani kwetu na anahitaji bamama, akina mama wa mtaa, kama ishirini. Jumamosi asubuhi walikuwa wamejipanga mbele ya nyumba yetu kwa vitenge vya misa, vichwa vimesukwa, viatu vinang'aa. Mmoja alikuwa amejipaka poda mpaka shingoni. Maman wangu alivaa kitenge cha bamama wa parokia, kile anachokitoa sandukuni siku za sikukuu tu.

Mimi nafundisha Kiingereza, ndiyo maana nilichukuliwa kuwa mkalimani. Kijana aliyeongoza kazi, mpole na mwenye adabu zake, aliwatazama bamama, akaniuliza kama hawana nguo za kawaida. Nikamjibu kwamba hizo ndizo nguo zao. Basi akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na magauni yaliyochanwa kwa mkasi, tena yamefuliwa, yananukia sabuni. Aliomba pia wavue viatu. Mimi nilicheka, halafu nikatafsiri.

Wimbo ulihusu vita vyetu na wanawake walioteswa na kubakwa na watu wenye bunduki. Nia yao haikuwa mbaya, naomba niliseme hilo sasa kabla sijaanza kukasirika. Wenye bunduki walikuwa vijana wawili wa pikipiki, wamepewa silaha za mbao. Walioteswa walikuwa bamama. Mwimbaji alipita katikati yao na shati lake jeupe pe, anaguswa na kila kitu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na tope lilikuwa tele, ikabidi tungoje likauke, maana walitaka vumbi.

Maman aliwekwa mbele kwa ajili ya sura yake. Yule kijana akaniambia: mwambie afikirie jambo baya kuliko yote yaliyowahi kumpata. Nikamwambia maman hivyo hivyo, neno kwa neno, kama mtu anayeagiza chai. Maman aliniangalia kidogo. Kisha akalia, machozi ya kweli, na kamera ikamsogelea.

Klipu ilifika kwenye simu zetu miezi michache baadaye. Mtaa wangu sikuutambua. Milima yetu ya kijani imegeuzwa rangi ya vumbi, ziwa halipo, hata duka la vocha lililokuwa nyuma yetu limefutwa. Sisi weusi tumezidishiwa weusi, na mzungu kazidishiwa weupe. Na uso wa maman umejaa skrini nzima, chini yake pameandikwa kwa Kifaransa kwamba huyu ni mmoja wa walionusurika. Damu ilinichemka. Walionusurika nini, na nani aliwaambia?

Kuanzia hapo watu wakamwonea maman huruma. Akipita, wanashusha sauti. Jirani mmoja alileta unga na sabuni, akaviacha mlangoni bila kubisha. Kanisani, mama mmoja anayeuza sombe, majani ya muhogo, sokoni, ambaye hata hatukuzoeana naye, alihama benchi lake akaja kukaa karibu na maman, na tangu siku hiyo hakuondoka tena.

Lakini kilichoniumiza ni papa, baba yangu. Papa alifanya kazi ofisini miaka yote, na kwake kitu kilichoandikwa ni kitu cha kweli. Jioni moja, tukiwa mezani, alimuuliza maman: "Kuko kitu ulinificha?"

"Hakuna."

"Sasa ile machozi ilitoka wapi?"

"Nilikumbuka dada yangu mwenye alikufa."

"Mbona siku ya kilio yake haukulia vile?"

"Nilikuwa napikia watu," maman akasema.

Tangu jioni ile papa alianza kumsemesha kwa upole ambao nyumbani kwetu haukuwahi kuwepo, na upole ule ulimchoma maman kuliko ugomvi. Mara moja tu papa alisema asimame kanisani atangaze kwamba ulikuwa mchezo, maana jina la nyumba linachafuka. Maman akaondoa sahani mezani.

Mimi sikuweza kuliacha hivyo. Ni mimi niliyempeleka, ni mdomo wangu uliomwambia alie. Nikaandika ujumbe wa kutuma kwenye kikundi cha parokia cha simu: kwamba maman wangu hajawahi kuguswa na mtu mwenye bunduki, kwamba nguo zilitoka kwenye mfuko, kwamba ile yote ilikuwa kuigiza. Kabla ya kutuma nikampelekea maman ausome. Alikuwa anachambua maharagwe. Aliusoma mara mbili.

"Yule mama wa sombe alikuya hapa juzi," akasema. "Alinielezea mambo ile ilimupata. Yote. Bwana yake hajui, batoto yake habajui. Alisema ananiambia mimi juu nitaelewa."

"Na wewe haukumwambia kama ulikuwa unaigiza?"

"Analia mbele yangu, nimuambie niliigiza?"

Nikasema tumwite pembeni, tumweleze taratibu, halafu ndipo tutume.

"Akisoma hii, atajua alifunua siri yake kwa mutu mwenye alicheza. Hatamuambia mutu tena mpaka kufa. Futa."

"Na papa?"

"Papa yako nitasema naye mimi, tukiwa wawili."

"Akikataa kukuamini?"

Hapo mkono wa maman ulisimama ndani ya maharagwe, na nikaona kwamba hilo alikuwa amekwisha kulifikiria peke yake siku nyingi, na kwamba linamwogopesha.

"Atakuwa ameamini klipu," akasema. "Lakini mambo ya yule mama haiko klipu, ilimupata kweli."

Nikafuta.