Tulivyompiga mkaguzi picha kwa pamba na mkaa, Butiama

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine hamjambo.

Jana kuna kijana humu kauliza kama yupo Mtanzania aliyewahi kushiriki kubuni kamera za vile vyombo vinavyotumwa kwenye sayari. Nikacheka peke yangu kama chizi.

Yupo. Ni mimi, nimestaafu juzi juzi. Nchi na taasisi sitaji, mtanivumilia. Ila ilikoanzia nitawaambia, na chumvi siongezi. Yenyewe inayo ya kutosha.

Nilikuwaga mwalimu wa fizikia sekondari moja huko Butiama. Enzi za Ruksa, biashara kufunguliwa, ndiyo kwanza zinaanza. Ukishuka Musoma mjini, maduka ya mtaa wa Mukendo sabuni zimeanza kuonekana tena, lakini shuleni kwetu chaki bado tulikuwa tunavunja vipande tunagawana.

Lab yetu ilikuwa chumba chenye meza mbili na popo.

Ikaja taarifa kutoka mkoani: mkaguzi anakuja, na akikuta hakuna fizikia ya vitendo, mchepuo wa sayansi unafungwa.

Siku hiyo hiyo akanifuata Wankuru, mwanafunzi wangu wa Form Three. Binti mwenye sauti kama king'ora.

"Mwalimu, baba alikubali nisome kwa sababu ya sayansi tu. Wakifunga, naolewa."



Sasa, wiki hiyo nilikuwa nimewaonyesha darasani picha ya sayari kutoka gazeti kuukuu. Wankuru akauliza, "Huyo mpiga picha alirudije?" Darasa zima likacheka. Nikawaeleza hakuna mtu kule. Mashine inakata mwanga vipande vidogo vidogo, inatuma namba, huku duniani namba zinapangwa zinakuwa picha.

Hawakuamini hata kidogo. Namba ziwe picha?

Nikasema basi, mkaguzi atakuta tunalifanya hilo hilo.

Tukachukua fremu ya dirisha, tukaivutia nyuzi za katani ikawa na vyumba vya mraba. Hiyo ndiyo kamera. Mtu anakaa upande wa pili, Wankuru anachungulia kwa jicho moja kupitia tundu la ubao, anasoma kila chumba kina mwanga kiasi gani. Sifuri ni giza, tatu ni weupe kabisa. Anapiga kelele namba. Wenzake wako uwanjani nyuma ya darasa, hawamwoni anayepigwa picha, wanapanga chini: mkaa kwa sifuri, udongo kwa moja, jivu kwa mbili, pamba kwa tatu.

Pamba aliileta baba yake Wankuru, Mzee Magesa, jirani wa shule. Ilikuwa pamba fifi, ile chafu, imelala kwake tangu msimu uliopita kwa sababu ushirika haukuja kuichukua. Akaitua, akatuangalia.

"Mwalimu, mimi nimeleta mtoto asome. Naona anaimba namba."

"Mzee, subiri."

"Nasubiri. Na mwoaji anasubiri."

Jaribio la kwanza tulimweka headmaster. Tukapanda mnara wa tangi la maji, lilikuwa tupu miaka mingi, tukatazama chini. Headmaster akasema, "Hii ni sufuria."

Kweli ilikuwa sufuria. Vyumba vilikuwa vikubwa mno.

Tukaongeza nyuzi, vyumba vikawa vidogo. Picha ikawa kali, lakini namba nazo zikaongezeka, na kuzituma ikachukua muda mrefu mpaka sauti zinakauka. Wakuu, miaka mingi baadaye nilikaa kwenye vikao na watu wenye digrii za kutosha, ugomvi ni huo huo: ukitaka resolution kubwa, utaitumaje data yote hiyo na njia ni nyembamba?

Mkaguzi akafika. Mtu mkavu, suti ya kaunda, hataki chai. Nikamwomba akae kwenye kiti, asitikisike.

"Kwa nini?"

"Tunakupiga picha, mzee."

"Kamera iko wapi?"

Nikamwonyesha dirisha. Akaniangalia kama anayefikiria kuniandikia uhamisho, ila akakaa.

Wankuru akaanza. "Tatu! Tatu! Mbili! Sifuri!" Jua linawaka, mkaguzi anatoka jasho, uwanjani vijana wanakimbizana na mkaa. Katikati ya zoezi mkaguzi akapiga chafya kubwa. Nikajua tumekwisha.

Tulipomaliza nikampandisha kwenye mnara. Mzee Magesa naye akapanda bila kualikwa. Chini pale uwanjani palikuwa na uso: kipara, pua, masharubu.

Mkaguzi aliinama, akahesabu kitu kwa kidole. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nina masikio matatu?"

Chafya hiyo! Alisogea, sikio moja likachorwa mara mbili. Akacheka mpaka akashika chuma cha ngazi. Alishuka akawauliza wanafunzi maswali, na kila mmoja alijua anachokisema. Mchepuo haukufungwa. Na yeye ndiye aliyenihimiza baadaye niombe nafasi ya kwenda nje kusoma optics.

Wankuru alimaliza, leo ni mhandisi wa maji. Mwoaji alichoka kusubiri akaoa huko Bunda.

Nilichojifunza: mtu akikuuliza swali linalochekesha darasa, jibu kwa mikono yako, kwa chochote kilichopo.

Na picha? Jioni ile ng'ombe wa Mzee Magesa waliingia uwanjani, wakaanzia kidevuni, wakala pamba yote mpaka kipara. Nilikwenda kumwomba radhi kwa mali yake. Nikamkuta anafuta machozi kwa kucheka, anawaita majirani:

"Njooni muone! Ng'ombe wangu wamekula serikali!"

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mliosoma sayansi bila lab enzi hizo, ninyi mlitumia nini?