Kiti Chenye Kitambaa Cheupe

Simpendi mtu anayeuliza maana ya shairi kabla halijamgusa. Ndiyo maana, nilipotoka Kenya kuja Durban kusomea drama, nilivutiwa na wale Wahispania wa karne iliyopita, walioandika na kuchora ndoto zao bila kumwomba mtu radhi. Nikatunga kimchezo changu kwa mtindo wao: mwanamke ameketi sakafuni akikililia kiti kitupu, na kando yake samaki mwenye kofia anamsomea utabiri wa hali ya hewa.

Waigizaji niliwapata kanisani kwetu, mtaani Umbilo, kulikojaa Wakongo. Samaki alikuwa fundi simu kutoka Goma, mtu wa mizaha kupindukia. Mwanamke alikuwa dada wa saluni ninakosukwa nywele. Mama yake alikuwa amefariki Bukavu muda mfupi tu kabla ya hapo, naye akakataa kufanyiwa matanga huku. Mwili uko mbali, alisema, watalia nini? Tangu hapo hakuwa ametoa chozi hata moja, na akina mama wa kanisa walikuwa na hofu juu yake. Nilimwuliza kama angependa kupumzika, akanijibu kwamba afadhali akililie kiti. Lakini mazoezini alisema maneno yangu makavumakavu, kama anayemtajia mteja bei ya rasta. Nilikuwa na wasiwasi naye, na pia, niseme kweli, na mchezo wangu.

Jumapili baada ya ibada tukapanga ukumbi. Kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki, kibaya ajabu, kwa hiyo nikakitandikia kitambaa cheupe. Nikajiona msanii kwelikweli.

Samaki alipoingia watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Kisha dada akaja, akaketi sakafuni karibu na kiti, na kicheko kikakatika. Mama mmoja wa mstari wa mbele akasimama, akavua viatu, akapanda jukwaani na kuketi kando yake. Akafuata wa pili, kisha benchi zima. Hasira zikanipanda. Nikawapungia karatasi zangu kutoka pembeni warudi walikotoka, na hakuna aliyenitazama.

Mimi Mkenya ningejuaje? Kanisani pale, Mkongo akifiwa na mtu wa nyumbani, kiti hutandikwa kitambaa cheupe badala ya jeneza, na watu huketi chini na mfiwa ili asilie peke yake. Nilikuwa nimewaandalia matanga bila kujua.

Wakaanza wimbo wa maombolezo, polepole. Samaki akanitazama, akavua kofia yake, akaketi nao. Dada aliwaangalia mmoja mmoja, mpaka machozi yakamtoka. Akakishika kiti kwa mikono miwili na kusema, kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, maneno ambayo sikuyaandika mimi.

“Mama, batu bamekuja. Batu bote iko hapa.”

Nikaweka karatasi zangu chini, nikavua viatu.