Namba Thelathini na Mbili

Kiwandani walimwita Mama Kola, na jina hilo alilitolea jasho. Kola ndiyo sehemu ya shati inayowashinda washonaji wengi, naye alikuwa ameishona kwa miaka kumi na tisa, kwenye cherehani ya tatu kutoka dirishani. Hata hivyo, kwenye karatasi ya mshahara aliandikwa "msaidizi". Mwanamume wa cherehani ya jirani, waliyemwita Mrefu, aliandikwa "fundi", ingawa kola alifundishwa na huyohuyo msaidizi.

Mrefu ndiye aliyemwonyesha karatasi yake siku moja wakati wa chai. "Dada, mimi naona haya," alisema. Mama Kola alikuwa akipata nusu tu ya mshahara wa Mrefu.

Mama Kola alipokwenda kuuliza, meneja alimjibu kwa mkato. Sheria inadai malipo sawa kwa kazi sawa; fundi na msaidizi si kazi sawa. Basi.

Wabunge walipoanza kuipitia upya sheria hiyo, kifungu kipya kilipendekezwa: kazi ipimwe kwa kile mtu anachokifanya, si kwa cheo alichoandikiwa. Chama cha wafanyakazi kikamtuma Mama Kola kwenye kamati ya bunge kukitetea, maana kulikuwa na minong'ono kwamba kingefutwa siku hiyohiyo ya kikao.

"Mama, usikimbize maneno kama mtu aliyeacha chungu jikoni," binti yake alimwonya mlangoni mwa chumba cha kamati.

"Na wewe usinikodolee macho."

Alisoma maelezo yake mbiombio. Hakuyamaliza. Mheshimiwa mmoja mwenye sauti nzito alimkatiza. "Mama, tuwe wakweli. Mtu yeyote akitazama kazi ya fundi na ya msaidizi ataona tofauti."

Mama Kola akainua macho. Karibu na mlango walisimama wahudumu wawili wa bunge, wamevaa sare zilizoshonwa kiwandani kwao. Kola ya yule wa kushoto aliitambua kama unavyotambua kikohozi cha mwanao. Akaikunja karatasi yake.

"Basi tusaidie, mheshimiwa. Kati ya hao wawili, nani kavaa shati la fundi?"

Mheshimiwa akatabasamu, akawaendea, akawazunguka kama mnunuzi wa ng'ombe. "Huyu wa kushoto. Kola imekaa. Ya mwenzake imejikunja hapa."

"Kwetu kila mshonaji hushonea namba yake kwenye upindo, kwa ndani, ili shati likirudishwa ajulikane wa kugombezwa. Yangu ni thelathini na mbili. Ya fundi jirani yangu ni thelathini na tatu."

Mhudumu wa kushoto akachomoa shati kwa aibu. Mwenyekiti wa kamati, mama mtu mzima asiye na haraka, akavaa miwani na kusoma kwa sauti: "Thelathini na mbili."

Chumba kikalipuka kwa vicheko.

"Kumbe ndiyo maana langu linanikwaruza shingo!" akasema mhudumu wa pili, akisoma thelathini na tatu kwenye upindo wake.

"Pole, kaka!" Mrefu, aliyekuja kumsindikiza Mama Kola, alipaza sauti kutoka viti vya nyuma.

Mheshimiwa alirudi kitini akijipangusa uso. "Mama, umenivua nguo hadharani. Kura yangu chukua."

Kifungu kikabaki, na mwezi uliofuata bunge zima likakipitisha. Karatasi mpya za mshahara zilipogawiwa, Mama Kola hakuanza na tarakimu. Alitafuta neno moja, akaliona, akaliwekea kidole.

Mrefu akachungulia begani kwake. "Sasa dada, ile kola utanifundisha tena?"

"Sogeza kiti," alisema, "fundi mwenzangu."