Alipokuwa Mpole

Chwa. Kimya. Chwa. Nilikuwa bado ndani ya blanketi nilipolisikia panga likikata mgomba nyuma ya nyumba, nikafurahi hata kabla sijafumbua macho. Koko, mama mzaa baba yangu, hakuwa ameshika panga tangu masika ya mwaka uliopita.

Maradhi yake yalikuja kama ukungu unavyoshuka kwetu Olmotonyi kutoka mlimani, taratibu, usijue ni saa ngapi umeacha kuiona miti. Alisahau majina yetu. Alivaa masweta mawili juani. Sauti ikakwaruza, uso ukavimba, machozi yakamtoka bila sababu. Tukasema ni uzee. Daktari wa mjini alimpapasa shingo, akampima damu, akasema tezi yake imechoka, haitoi homoni ya kutosha.

"Si kila mzee anayesahau ana tatizo hili," alituonya, "na siwezi kuwaahidi atarudi kwa kiasi gani."

Kidonge kila asubuhi, kabla ya chai. Miezi ikapita. Ilirudi sauti kwanza, kisha jina langu, kisha utani wake.

Na sasa panga. Nilipotoka nilimkuta mbele ya banda, vipande vya mgomba vimemjaa mikononi. Banda lilikuwa tupu.

"Ng'ombe wangu yuko wapi?"

Baba mkubwa alikuwa ametuambia kwamba koko alimpa ng'ombe yule kwa kinywa chake. Kwetu hilo latosha. Mzee akishasema, nani atadai karatasi? Nilimwamini. Yeye ndiye aliyembeba koko mgongoni hadi barabarani siku ile ya hospitali.

Baba mkubwa alikuja mchana, akainamisha kichwa mama yake amguse kwa salamu, akaketi.

"Nilikuuliza, yeyo, mama yangu, ng'ombe awe wangu? Ukaitikia kwa kichwa."

"Siku zile ungeniuliza kama mimi ni mbuzi, ningeitikia."

Nilicheka peke yangu.

"Mrudishe," koko akasema.

"Yeyo, ameshazoea kwangu."

Kisha akanigeukia mimi, kana kwamba mama yake hayumo chumbani. "Hivi vidonge vinamfanya mkali. Si mngempumzisha navyo kidogo? Alipokuwa mpole tuliishi vizuri."

La ng'ombe ningeweza kumsamehe.

Koko alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Kumbe ungependa nirudi kule," alisema.

Koko akanyanyuka, akachukua kopo la vidonge dirishani, akalifunga kwenye pindo la kanga yake na kukaza fundo kwa meno.

"Haya, baba. Ng'ombe wako anakusubiri, ana njaa."

Baba mkubwa akachukua fimbo yake. Safari hii hakuinamisha kichwa. Koko alimsindikiza hadi kizingitini, kama anavyomsindikiza kila mgeni, kisha akaufunga nyuma yake ule mlango ambao mchana huwa haufungwi.