Mashine Inayotetemeka

Mwongeli haamini kitu mpaka akiguse kwa mgongo wa kiganja. Kikaango cha chapati, mgongo wa kiganja. Mtoto wa dada yake akisingizia homa asiende shule, mgongo wa kiganja. Tabia hiyo aliitoa kiwandani huko EPZ Athi River, ambako alisimama miaka kumi na minne akipiga pasi mashati ya watu wa ng'ambo. Hakuwahi kuwaona hao watu, lakini ukubwa wa shingo zao aliujua vizuri. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi alirudi kwao Kyumbi, akanunua tangi na pampu ya maji, akaanza kuosha magari karibu na njia panda. Ukimpelekea gari lako ataigusa boneti kwanza, na akikuta bado ina moto hatalimwagia maji hata ukimnunia vipi. Wateja wamemzoea.

Sasa, kuosha ni kuosha tu. Kung'arisha rangi ni habari nyingine, na hiyo ndiyo aliyokuwa akiitamani. Hapo jirani aliyejaribu kung'arisha kwa mashine alikuwa mmoja, Masila, fundi wa kuchomea vyuma, na huyo ni afadhali tusimhesabu. Masila alifunga sponji kwenye grainda yake ya kukatia vyuma, akaishikilia kwenye mlango wa Probox ya muuza mayai. Dakika moja haikuisha, rangi ikaondoka, ikabaki baka jeupe lenye umbo la ini la ng'ombe. Mwenye gari alilifunika kwa stika iliyoandikwa MUNGU MBELE. Haikutosha, ikabidi aongeze nyingine, na mpaka leo mlango huo unasema MUNGU MBELE MUNGU MB.

Basi mwezi mmoja akaja Mwalimu Mutuku. Mzee huyu amewafundisha nusu ya watu wa Kyumbi kusoma, na nusu iliyobaki aliwafundisha wazazi wao. Mkewe alishatangulia, pensheni yake ni ndogo, na kitu anachoringia duniani ni kimoja: Pijo 504 nyeusi ambayo rangi yake ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Kila Jumamosi, miaka nenda miaka rudi, aliisugua mwenyewe kwa kitambaa cha flana, na hakuna mkono mwingine uliothubutu. Watu walikuwa wakisimama kwenye mlango wa gari hilo kujitazama kama wana mboga kwenye meno.

Lakini mwaka huo Pijo ilikuwa imefifia ikawa na rangi ya sufuria kuukuu. Mwalimu alisema ni vumbi la wajenzi wa barabara, na watu wote wakaitikia kuwa kweli vumbi limezidi. Kila mmoja wao alikuwa ameuona mkono wake wa kulia ukitetemeka, chai ikimwagikia kisosi kabla haijafika mdomoni. Nani sasa wa kumwambia Mwalimu Mutuku kwamba si vumbi?

"Mwongeli," alisema siku hiyo, mkono ukiwa mfukoni, "mjukuu wangu Kalondu anaolewa mwisho wa mwezi. Wajomba wake wako na Prado nyeupe, wanataka kumbeba na hiyo. Yeye amesema ataingia kanisani na gari ya umau wake, ama aende kwa miguu. Umau ndiye mimi."

"Najua, Mwalimu. Sisi wote tunajua babu yake ni nani."

"Sasa hiyo gari haiwezi kuenda ikikaa hivyo. Nataka uing'arishe. Lakini mashine tunachagua pamoja. Sitaki mambo ya Masila."

Mwongeli alifurahi, kisha akaogopa, kisha akafanya yote mawili kwa pamoja. Pijo ikitoka salama, magari ya harusi kutoka Kyumbi mpaka Machakos mjini yangempitia yeye. Ikiungua, angehama, na hakuwa akitania, kwa maana stika ya kufunika aibu ya kuchoma gari la mwalimu wako wa darasa la nne haijachapishwa.

Mashine ya kuchagua kwa macho hakuitaka. Kwa hiyo alichukua kwenye vyuma chakavu vya Masila boneti ya Corolla nyeusi iliyokufa, akaifunga kwa kamba juu ya tuktuk ya Bonface, dereva wa hapo njia panda, na wote watatu wakaelekea mjini, Bonface akiendesha, yeye na Mwalimu nyuma wakiishika boneti isipeperuke. Walifika nusu ya njia, askari akawapungia mkono wasimame.

"Hiyo boneti ni ya nini?" aliuliza.

"Ni ya kujaribia, afande," Bonface akajibu kwa heshima zote. "Tunaenda kununua masini ya polisi."

Askari akasogea karibu. "Ya polisi gani?"

"Polisi ya gari."

"Gari ya polisi?"

Kule nyuma, Mwalimu alifumba macho. "Bonface, ni 'shi'. Po-li-shi. Nilikufundisha hiyo darasa la tatu ukaikataa."

"Si ndiyo nasema, Mwalimu. Polisi."

Askari aliizunguka tuktuk mara mbili, akionekana kutafuta sehemu iliyobaki ya gari. Alimtazama Mwongeli, aliyekuwa ameuma ncha ya leso yake kuzuia kicheko. Mwisho akawaruhusu waende.

Duka la vifaa vya magari lilikuwa la Gikonyo, mtu mpole anayeuza huku amekaa. Aliposikia wanataka kujaribu kabla ya kununua akasema sawa, lakini alipoiona boneti ikiingia mlangoni alisimama. Aliwaonyesha mashine mbili. Moja ilikuwa nzito, imekaa kibabe. Nyingine ilikuwa nyepesi kidogo na mpini wake mfupi.

"Hii kubwa inazunguka tu," Gikonyo alieleza. "Hii ingine inazunguka huku inatetemeka. Ni wewe tu, mama, vile unapenda."

"Inayotetemeka ni mbovu," Mwalimu akasema. "Washa hiyo ingine."

Ile kubwa iliwashwa, na haki ya Mungu, ilifanya kazi. Mahali palipokuwa na kutu ya jua pakawa peusi tititi kabla hujamaliza kusema jina lako. Mwalimu, ambaye hajaacha kusahihisha tangu astaafu, akaipa tisini na mbili kwa mia. Mwongeli alizima mashine akaweka mgongo wa kiganja kwenye boneti. Akauondoa upesi. Moto ule aliufahamu: ni pasi iliyosahauliwa juu ya nailoni. Akawasha tena, safari hii akaituliza mashine mahali pamoja kwa muda wa kuhesabu mpaka nane, hasa pembeni penye mkunjo. Rangi ikatoka yote. Bati likawachungulia.

"Nimeondoa alama," Mwalimu akasema kwa sauti ndogo.

Kisha Mwongeli akaijaribu ya pili. Hii ilinguruma pole pole, ikitikisika mikononi, na kazi yake ilikwenda taratibu mpaka Bonface akatoka nje kutafuta mahindi ya kuchoma. Lakini pale ilipopita pakang'aa bila michirizi, na Mwongeli alipoigusa boneti aliikuta vuguvugu. Akaituliza mahali pamoja, akahesabu mpaka nane, akahesabu tena. Rangi haikwenda popote.

"Ni hii," alisema.

"Hapana." Mwalimu alikuwa ameshaurudisha mkono wake mfukoni. "Kitu kinachotetemeka hakiwezi kufanya kazi safi. Mtu akianza kutetemeka aweke kazi chini, akae. Kama ni hiyo, gari yangu haiguswi." Akatoka akaenda kukaa kwenye tuktuk.

Gikonyo alijifanya anapanga misumari. Mwongeli alichungulia nje, akamwona mzee ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kama unavyomshika mtu asikuaibishe mbele ya wageni. Hapo ndipo alipoelewa kuwa yale maneno hayakuwa ya mashine. Roho ilimuuma. Angeweza kuichukua ile kubwa na kumridhisha, na angeichoma Pijo kwa heshima zote.

"Nifungie inayotetemeka," alimwambia Gikonyo.

Walirudi Kyumbi. Hata Bonface hakutamka neno polisi.

Siku zikapita, Pijo haikuletwa. Alhamisi, zikiwa zimebaki siku mbili tu kufika harusini, Mwongeli alitia mashine kwenye kiondo, akazungusha waya mrefu wa umeme begani, akaenda kwa Mwalimu. Alimkuta uani, mikono ya shati imekunjwa, flana mkononi. Tangu asubuhi alikuwa amemaliza kipande cha boneti kisichozidi sahani, na hicho nacho kilikwenda upogo, kimejaa mawimbi. Alipomwona mgeni akaificha flana.

"Nilisema gari haiguswi."

"Sijakuja kuigusa, Mwalimu. Nimekuja kuomba stima. Huko kwangu imepotea, na nataka kujaribu mashine."

Ulikuwa uongo mtupu, na Mwalimu Mutuku amesikiliza uongo wa watoto miaka thelathini na tano. Aliutazama waya ulio begani. Kisha akamwonyesha soketi kwa kidevu.

Mwongeli alichomeka waya, akapaka sponji dawa, akasogea karibu na boneti kama mtu anayetafuta mahali pa kusimama tu. Akawasha. Kisha akasema, "Uui, leso inafunguka. Hebu nishikie hapa kidogo."

Mwalimu aliipokea mashine kabla hajafikiri, jinsi mtu anavyopokea mtoto anayekabidhiwa ghafla. Uzito wake ukaikalisha sponji juu ya rangi. Alikaza meno akingoja iteleze, imuaibishe. Haikuteleza. Mashine ilitetemeka na mkono ukatetemeka, lakini mashine ilikuwa na kasi zaidi, na ule mtikisiko mdogo wa mzee ukapotea ndani ya ule mkubwa usionekane tena. Akaisogeza kidogo mbele. Ikaenda. Akairudisha. Ikarudi.

Mwongeli alifunga leso yake. Akaifungua akaifunga upya. Akaifunga mara ya tatu, na ya nne.

Mwalimu alizima, akapangusa kwa flana. Ndani ya mng'ao wa boneti ukaonekana mwarobaini wa uani, kamba ya nguo na soksi zake mbili, na uso wa mzee aliyevaa miwani.

"Gusa uone kama imeungua."

Mwongeli aliweka mgongo wa kiganja. "Vuguvugu, Mwalimu. Kama maziwa ya mtoto."

Mzee aliwasha tena, akautazama mkono wake ukiwa juu ya mashine. "Mwongeli. Hapa nani anatetemeka?"

"Ni mashine, Mwalimu."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akaendelea na boneti.

Aliimaliza. Akahamia mlango wa kulia, kisha paa, ambapo alidai aletewe kiti. Mwongeli alimkumbusha mara mbili kwamba mikono yake yeye imepumzika, anaweza kumpokea. "Kaa hapo," Mwalimu akamwambia. "Hii mashine inataka mtu mwenye subira." Basi saa nane mchana Mwongeli alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, njaa inamuuma, akiushika waya usinase kwenye gurudumu. Mashine ilikuwa yake, mpya, na kwenye Pijo nzima hakuwa ameipitisha hata upana wa kiganja.

Mwalimu alipofika kwenye buti alisema bila kugeuka, "Jumamosi watu wakiuliza nani ameing'arisha, waambie ni kazi yako."

"Na wewe je, Mwalimu?"

"Mimi nilikushikia tu."